Beki Asiyempa Mama Mgongo

Kabla sijaanza kumsifia Magloire nianze na mimi, maana huwa nasahaulika. Ukija kwenye uwanja wetu wa barafu, huku bondeni nyuma ya Walthamstow, siku ya mechi ya hoki, utaona wachezaji wanaingia ndani kupumzika, muziki unapigwa, halafu linatoka dude kubwa kama trekta. Linatembea polepole kwa maringo, na kila linapopita barafu inabaki inang'aa kama kioo cha saluni. Aliyekaa juu ya hilo dude, kofia upande, mkono mmoja kwenye usukani, ndiye mimi. Thadei wa Kigoma. Shule niliacha darasa la sita, walimu wakalia, wengine kwa furaha. Mchezaji anashangiliwa na nusu ya watu, nusu nyingine inamtukana. Mimi nikitoka wananitazama wote, watoto wananipungia mikono, na hajatokea mtu wa kunizomea. Nitajie mchezaji mmoja London nzima mwenye rekodi hiyo.

Haya, sasa Magloire. Huyu ni beki. Kwa ambaye hajawahi kuona huu mchezo, chukua mpira wa miguu, uwape watu wenye hasira, wavalishe visu chini ya viatu, wape fimbo, wafungie kwenye friji. Wanagombania kidude cheusi cha mpira mgumu, kinaitwa paki, kinapigwa mpaka hukioni. Mshambuliaji anakuja kama bodaboda isiyo na breki. Beki kazi yake ni kumpokea huku anamtazama usoni, na yeye mwenyewe anateleza kinyumenyume kwa kasi ileile. Kinyumenyume, ndugu yangu! Mimi kwenda mbele tu natembea nimeshika ukuta.

Alijifunzia wapi? Hapo ndipo mimi naingia tena.

Mama yake anaitwa Angélique, lakini sote tunamwita Mama Magloire. Ni mtu wa Uvira, akakimbia vita, akakaa kambi ya Nyarugusu kule kwetu Kigoma, akaja kutua London. Alipoanza kazi ya usafi pale uwanjani, jengo zima tulikuwa wawili tu tunaojua Kiswahili. Nikamkaribisha kwa mbwembwe: "Dada, kule ulikuwa mgeni wetu, na hapa umekuja tena kwangu."

Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia. "Kule mulitupatia mahindi," akasema. "Hapa utanipatia nini?"

Tangu siku hiyo namheshimu.

Alikuwa anaingia kazini alfajiri, na mtoto hana wa kumwachia, kwa hiyo anamkalisha kwenye viti na kitabu cha hesabu. Magloire alikuwa na miaka tisa, mwembamba kama fimbo ya hoki yenyewe. Mimi nikamwonea huruma. Nikamtafutia viatu kwenye kapu la vitu vilivyosahauliwa, kimoja chekundu kimoja cheupe, nikamwambia zunguka hapo, mama asikuone. Mama akamwona. Akaingia barafuni na fagio, miguuni ana kandambili, na hatelezi! Sijui alikuwa anashikilia nini, nadhani ni hasira. "Magloire! Minasema nawe!"

Sasa nikwambie malezi ya wale watu. Mtoto wa kule mzazi akimsema hamgeuzii mgongo. Kukimbia ruhusa, lakini uso ubaki kwa mama. Basi yule mtoto akawa anakimbia kinyumenyume, macho kwa mama, mikono imefunguka, "Ndiyo mama, pardon mama, apana tena mama," anakata kona bila kuangalia aendako, fagio linamkosa kidogo tu. Kesho yake hivyohivyo. Mwaka ukaisha hivyohivyo.

Siku moja kocha wa watoto, Mwingereza mnene, kasimama mlangoni na kikombe cha chai, anatazama. Chai ikamganda mkononi. Akaniuliza nani kamfundisha yule mtoto kurudi nyuma namna ile. Nikamwambia mimi. Kweli ni fagio, lakini fagio lingejibu nini?

Ndivyo Magloire alivyopata timu ya watoto, halafu ya vijana, halafu akanenepa, akarefuka, mpaka mlango wa kanisa akawa anaupita kwa upande. Timu moja ya kaskazini ikamsajili kwa mshahara, akalipwa pesa ya kuteleza, mama yake akadhani ni utani. Kutoka hapo akaenda Scotland, akakaa nyumba moja na Wakanada wawili na Mlatvia mmoja, akawafundisha kula pilipili, wakamfundisha kutukana. Meno mawili aliyaacha Scotland, goti la kulia aliliacha kaskazini. Kila Jumamosi ni basi, usingizi wa kukaa, mechi, barafu kwenye bega, basi tena. Halafu akarudi nyumbani, timu yetu ya Korongo. Mashabiki wakampa jina, Mlango, kwa sababu ukimkuta umefungwa huna pa kupita. Walimjua hata waliokaa viti vya juu kabisa bila kusoma namba, maana Mkongo kwenye ile timu alikuwa yeye peke yake. Magoli? Usiniulize mambo ya magoli. Maisha yake yote alifunga machache mpaka na mimi na trekta langu tulikuwa tunakaribia kumfikia. Lakini beki hahesabiwi hivyo.

Na katika miaka yote hiyo ya kulipwa, mama yake hakuwahi kumwona akicheza. Hata mechi moja.

Mwanzoni ilikuwa kazi. Uwanjani aliacha, akaenda kutunza wazee, Jumamosi ni zamu na Jumapili ni kanisa kuanzia asubuhi mpaka sauti ikauke. Halafu likatokea la Harjit.

Harjit ni mshambuliaji wa Comets, timu ya upande wa Hounslow. Singasinga, mrefu, kasi kama umeme wa wizi. Yeye na Magloire walikuwa wanawindana misimu yote. Sasa hoki ina ujinga wake mmoja: wachezaji wawili wakichokana, wanavua glovu, wanazitupa chini, wanapigana ngumi hapohapo, refa kasimama pembeni kama anasubiri basi. Wakimaliza wanapelekwa kila mtu kwenye kibanda chake cha adhabu, wanakaa dakika tano, wanarudi kucheza. Baada ya mechi wanakunywa soda pamoja. Basi siku hiyo glovu zilianguka, Magloire akarusha ngumi, jino la Harjit likaruka likateleza mpaka golini. Mimi ndiye niliyeliokota kabla halijaingia kwenye mashine. Nikampelekea ndani ya kikombe cha karatasi. Akasema, "Cheers, Uncle," halafu yeye na Magloire wakapiga picha wameshikana mabega.

Lakini picha hiyo haikusambaa. Iliyosambaa ni video. Dada mmoja wa kwaya, Plamedi, akaiona kwenye simu, akamwonyesha Mama Magloire mlangoni mwa kanisa, kwa nia njema kabisa ya umbea. Kufikia jioni ilikuwa imefika Brussels, kesho yake Uvira, na mjomba mmoja akapiga simu kutoka Bujumbura kuuliza kama Magloire amejiunga na majambazi.

Mama akamwita mwanawe. Magloire akamweleza kwa Kiingereza chake cha Walthamstow kwamba ni sehemu ya mchezo, hakuna ugomvi.

"Ulimutoa jino?"

"Yes, Mama, but..."

"Na ulienda kwa mama yake kuomba musamaha?"

"Mama, nobody does that."

"Basi mutoto yangu amepiga mutoto ya mwanamuke mwingine, damu imetoka, na hakuna mutu alienda. Mi sitaangalia hiyo mambo yako mpaka siku watu watatengeneza."

Na hakuangalia. Hata kwenye simu. Magloire akiwa anaonyeshwa kwenye televisheni ya kibanda cha chipsi, mama anavuka barabara.

Miaka ikapita, goti la kushoto nalo likaanza kudai haki. Msimu uliopita klabu ikatangaza kwamba Magloire anastaafu, mechi yake ya mwisho ni nyumbani, na nani watakuja? Comets. Wenyewe walichagua makusudi, wakachapa tangazo: Magloire na Harjit uso kwa uso, glovu zimechorwa zinaanguka. Tiketi zikaisha.

Akanifuata pale ninapoegesha mashine. Jitu la kilo mia na kitu, linachezea zipu ya koti kama mtoto wa chekechea.

"Tonton Thadei," akasema, yaani mjomba, "ni mechi ya mwisho. Nataka Mama anione. Once. Hata dakika kumi."

"Umemwomba?"

"Kasema niende nikatengeneze."

"Sasa umekuja kwa fundi," nikamwambia. Wewe ungesema nini?

Nikaenda kwa Mzee Kizito, mzee wa kanisa lao, mtu ambaye hata akisalimia anafungua kwa sala. Akaniambia kwamba kwao jambo hili lina njia yake: wazee wanaenda nyumbani kwa aliyepigwa, wanasimama nje mpaka wakaribishwe, msemaji anaongea, zawadi inatolewa, na zawadi sharti iwe na nyama. Msemaji asiwe ndugu wa damu, na awe na mdomo. Alipofika kwenye mdomo nikajua wamenichagua.

Nyama tulinunua sokoni Walthamstow, mguu wa mbuzi mzima. Mama Magloire akaufunga kwa kitenge akaubeba mgongoni, maana alisema mikononi utamchosha. Basi tumepanda treni, Victoria line halafu Piccadilly, mimi na suti, Mzee Kizito na Biblia, Mama na mguu wa mbuzi. Kijana mmoja akasimama haraka akampisha kiti. Bibi wa Kizungu aliyekaa jirani akainama anachungulia lile furushi, akauliza kwa huruma mtoto ana umri gani.

"Since Thursday," nikamjibu. Akasema jamani, ni mdogo sana kutoka nje na baridi hii. Akatoa skafu yake akamfunika.

Hounslow tulikuta mvua. Tukasimama nje ya geti. Mzee mmoja mwenye kilemba cha bluu akafungua mlango, Mzee Jaspal, baba yake Harjit. Nikakohoa, nikaanza hotuba yangu ya Kiingereza niliyokesha naitengeneza. Sijafika hata kwenye "honourable," yule mzee akadakia kwa Kiswahili safi kabisa:

"Nyinyi ni watu wa wapi? Mbona mnanyeshewa nje kama mbuzi? Kujeni ndani bana!"

Kumbe mzaliwa wa Nakuru, kauza vipuri vya matrekta kule mpaka ndevu zikaota. Alipojua mimi naendesha mashine ya barafu akaniuliza injini yake ni ya aina gani, tukasahau kilichotupeleka. Mzee Kizito akanikanyaga mguu. Nikasimama, nikamweleza kwamba tumetoka kwa mzazi wa Magloire, kwamba damu ya mtoto wao ilimwagika mkononi mwa mtoto wetu, na tumekuja kuinamisha vichwa.

Mzee Jaspal akacheka mpaka akashika tumbo. "Maneno gani hayo? Huo ni mchezo tu! Hakuna shida, imeisha zamani!"

Nikageuka. Mama Magloire macho yamejaa machozi. "Amekataa," akaniambia kwa sauti ya chini. "Anatuchekea. Musamaha yetu amekataa."

"Hajakataa, anasema hakuna shida."

"Kama hakuna shida, anasamehe nini? Twende."

Akaanza kufunga tena ule mguu. Nikaona mechi ya mwisho ya Magloire inaondoka mgongoni kwa kitenge. Hapo ndipo kichwa changu, ambacho shule ilikishindwa, kilipofanya kazi. Nikamsogelea Mzee Jaspal sikioni: "Mzee wangu, tafadhali sana, kasirika kidogo."

"Nikasirike?"

"Kidogo tu. Ili upate cha kusamehe."

Yule mzee ana akili. Akanyoosha kilemba, akapiga meza. "Jino la mtoto wangu!" akanguruma. "Jino la mbele! Mtoto nimemlea na maziwa!" Akakolea, akasimama, akaanza kutaja na bei ya maziwa Nakuru enzi hizo. Mama Magloire akashusha pumzi, akakaa chini, ametulia kama mtu aliyepewa dawa. Mambo yanakwenda.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Akatoka mke wake, Mama Seema, mikono ina unga. Huyu hakuwa anaigiza.

"Wewe unacheza, Jaspal," akasema kwa Kiswahili. "Mimi sichezi. Niliona hiyo video. Niliona mtoto wangu anatema damu na watu wanashangilia. Nyinyi wanaume mlisema ni mchezo. Harjit alisema ni mchezo. Mimi nikangoja mtu mmoja tu aje aseme pole."

Mama Magloire akasimama. Hakusubiri msemaji. Akavuka zulia, akamshika mikono yote miwili na unga wake. "Pole, mama," akasema. "Nilichelewa kuja. Pole."

Mimi ni mtu wa maneno, lakini hapo nilikaa nikatazama picha ya ukutani. Ilikuwa ya trekta.

Tukapewa chai. Mguu wa mbuzi ukapokelewa, japokuwa Mama Seema hali nyama na hataki hata harufu yake jikoni. Mzee Jaspal akaukimbiza kwenye friji la gereji akiwa anatabasamu kama kijana, akaninong'oneza kwamba ameishi miaka mingi na dengu na kwamba mimi ni ndugu yake.

Nikadhani tumemaliza. Mzee Kizito akanyanyua kidole. "Bado. Hawa waliopigana lazima bakule kwa sahani moja. Wasipokula, wazee wametembea bure."

"Harjit yuko wapi?" nikauliza.

Yuko njiani kwenda Scotland na timu, atarudi siku ya mechi, na basi la timu linawashusha moja kwa moja vyumba vya kubadilishia nguo. Kocha wake hataki mchezaji akutane na wapinzani kabla. Nikasema basi watakula baada ya mechi. Mama Magloire akatikisa kichwa. "Baada, watakuwa bamepigana tena. Si mumeandika kwenye tangazo?"

Siku ya mechi akaja. Nilimwona anaingia na koti refu na skafu ya yule bibi wa treni, kwapani amebana kitu kizito. Magloire alikuwa barafuni anapasha misuli. Alipomwona mama yake akajigonga ukutani, beki mzima, Mlango wenyewe, ukapigwa na ukuta.

Mama akatafuta kiti chake, mstari wa mbele, nyuma kabisa ya vibanda vya adhabu, hatua mbili na kioo. Akakaa juu ya kiti kwa magoti, halafu akajigeuza. Akakaa ameipa barafu mgongo.

"Mama Magloire," nikamwambia, "uwanja uko huku."

"Najua. Nimefagia hapa. Alisema nikuje, nimekuja. Kuangalia, bado hawajakula."

Mechi ikaanza hivyo. Watu elfu mbili wanatazama upande mmoja, mwanamke mmoja anawatazama wao. Nyuma yake kulikuwa na familia ya Waingereza, baba ana ndevu nyekundu, wakawa wanaona aibu, mwishowe wakampa chipsi. Mimi nikimaliza kulainisha barafu nakuja kukaa naye. Nikagundua kitu: alikuwa anaangalia mechi yote kwenye nyuso zao. Yule mwenye ndevu akifumba macho, Mama ananishika mkono. "Ameumia?"

"Hajaumia."

Yule mwanamume akiruka juu, "Ni yeye?"

"Kazuia. Geuka uone."

"Bado."

Magloire huku kila akipata nafasi anatupia jicho upande wetu, na kila akitupia anaona kisogo. Mtu aliyecheza na mbavu zimevunjika, siku hiyo alikuwa anacheza kama anatafuta funguo. Paki inampita. Comets wakatufunga mawili. Watu wakaanza kuimba wanataka ngumi, wanapiga viti, wanapiga ngoma. Walikuwa wamenunua tangazo, wanataka mali yao.

Kipindi cha mwisho Harjit na Magloire wakagongana pembeni, fimbo kwa fimbo, kifua kwa kifua. Uwanja ukasimama. Nikawaona wanaambiana kitu. Baadaye Magloire aliniambia Harjit alikuwa anamuuliza, "Bro, are we doing this?" na yeye akamjibu kwamba mama yake yuko pale, na Harjit akasema na wake pia. Wakabaki wanasukumana tu kama watu wanaogombania mlango wa choo. Refa akachoka, akawatoa wote wawili. Dakika mbili kila mtu, kila mtu kibanda chake.

Nikamwinamia Mama. "Wamefungiwa wote. Wamekaa hapo nyuma yako. Hawana kazi."

Sijawahi kumwona mtu mzima akisimama haraka namna ile. Akafungua koti. Kopo kubwa lenye mfuniko, limefungwa taulo, bado lina moto: ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu cha kwao cha mawese. Sombe halina nyama wala samaki, alikuwa amempigia Mama Seema kuuliza.

Katikati ya vile vibanda viwili anakaa dada anayeshika saa ya adhabu, Minal wa Neasden, mtu mkali mpaka wachezaji wanamwomba ruhusa ya kupiga chafya. "Mama, you can't," akasema. Wakati huohuo Mama Seema naye akatokea upande wa pili na chupa ya maji na kitambaa begani. Minal akawatazama wale wanawake wawili. Akatazama saa yake. Nikamsogelea na mdomo wangu.

"Minal, mwanangu, kuna sheria gani inakataza ugali?"

Akafikiri kwa haki kabisa. "Chupa za glasi tu," akasema kwa Kiingereza, akawafungulia mlango wa nyuma, akavuta kiti chake pembeni.

Kopo likawekwa juu ya meza ya saa, katikati. Mama Magloire akawaangalia wale wanaume, mmoja kulia mmoja kushoto, jasho linawatiririka. "Muoshe mikono."

Basi wakavua glovu. Wakazitupa chini.

Ndugu yangu! Paa lilikaribia kuruka. Watu elfu mbili wakaona glovu zinaanguka, wakajua sasa ndiyo yenyewe. Ngoma zikapasuka, mwenye ndevu nyekundu akambeba mtoto juu, hata wachezaji barafuni wakasimama kutazama. Mama Seema akawamiminia maji mikononi. Magloire akamega tonge, akalibonyeza kwa dole gumba, akachovya. Harjit, mtu wa Hounslow aliyezaliwa na uma mkononi, akamtazama anavyofanya, akamega naye, akachovya mpaka kifundoni. Kelele zikaanza kupungua kutoka mbele kwenda nyuma, kama maji yanavyokauka. Mwenye kamera akawaweka kwenye skrini kubwa ya juu. Majitu mawili yanakula kutoka kopo moja, mawese yanawashuka kwenye viwiko.

"What is it?" Harjit akauliza, mdomo umejaa.

"Home," Magloire akamjibu. Halafu akamwambia pole ya jino, na yule akamwambia lile jino lilikuwa bovu tangu zamani.

Dakika zao zikaisha. Minal akafungua mageti. Hakuna aliyetoka. Kocha wetu anapiga ubao kwa ngumi, timu zote zinacheza pungufu, refa akaja mpaka pale na filimbi mdomoni. Nikamwambia, "Peace talks, my friend." Akanusa. Akatazama skrini. Mama Magloire akamsogezea kopo. Ukweli niliuona kwa macho yangu: yule refa alifikiria.

Wakatoka bado wanatafuna, jezi nyeupe ya Harjit ina vidole vyekundu vya mawese kifuani. Nikageuka kumwambia Mama kitu, nikakuta kiti kimejaa. Amekaa kama watu wengine. Miguu chini, uso kwenye barafu.

Magloire akaona. Basi Mlango ukafungwa. Sitakuelezea yote, utasema naongeza chumvi, na chumvi kweli ninayo. Ila ile ya mwisho lazima. Harjit kapata paki katikati ya uwanja, anakuja peke yake, kasi ile ya umeme. Mbele yake beki mmoja tu, magoti yote mawili mabovu. Magloire akaanza kurudi nyuma. Mikono imefunguka, macho kwenye macho ya mwenzake, anarudi, anakata kona bila kuangalia aendako.

Mama akanibana mkono mpaka nikaumia. "Thadei."

"Ndiyo."

"Ile si njo alikuwa ananikimbia nayo?"

"Ndiyo yenyewe."

"Na banamulipa?"

"Miaka yote hii."

Akaziba mdomo kwa skafu. Harjit akazunguka kulia, Magloire yupo. Kushoto, yupo. Akapiga, Magloire akalala, paki ikamgonga mbavuni, mlio mpaka kwetu, na kengele ikalia. Tulifungwa mawili kwa sifuri. Usiku huo hakuna aliyeuliza matokeo.

Mchezaji akistaafu kwetu anazunguka uwanja kuaga watu. Wengine wanapunga mikono, wanarusha fimbo. Magloire akaja kwanza mpaka kwenye kioo, akavua kofia ngumu, akasimama mbele ya mama yake na pengo lake. Mama akapiga kioo kwa kiganja, mara mbili, pale penye shavu.

Halafu akaanza kuzunguka. Kinyumenyume. Uwanja mzima, taratibu, watu wamesimama wanapiga makofi, na yeye uso wake haukutoka upande wa kile kiti hata kwenye kona ya mbali kabisa. Mimi nilikuwa nimeshapanda kwenye mashine, nangoja kulainisha, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile hakuna mtu aliyenitazama. Nilimsamehe.

Akarudi pale alipoanzia, anahema, bado amemkabili.

Mama akasimama, akafunga kopo lake tupu kwa taulo.

"Haya," akamwambia. "Sasa geuka uende ukaoge. Nimekuruhusu."